Yeye hakutaka kujua, mimi nilitaka kujua yote

Mume wangu hapendi takwimu. Ukimwambia jambo fulani humpata mtoto mmoja kati ya mia, yeye anasikia "mtoto mmoja" na papo hapo macho yanamwendea mwanawe. Mimi ni kinyume chake. Nisipojua silali, na nikishajua, hata habari iwe mbaya kiasi gani, moyo unatulia kwa kuwa sasa una kitu cha kushika. Tumeishi hivyo miaka na miaka bila kugombana sana, mpaka mtoto wetu wa pili alipotakiwa kufanyiwa upasuaji wa ngiri akiwa na miezi mitano.

Kila aliyetupigia simu kipindi kile alisema msiwe na wasiwasi, ni upasuaji mdogo, watoto wanafanyiwa kila siku. Walisema kweli. Ngiri ya kinena ni moja ya sababu kubwa zinazompeleka mtoto mchanga thieta, popote duniani, na wengi wao wanarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Ila hakuna aliyetuambia mtaishije nyumba moja, watu wawili wenye hofu za aina mbili, wakati mnasubiri tarehe.

Kijana wetu ni njiti. Alizaliwa wiki ya 33, akakaa kwenye mashine ya joto mpaka akajua kunyonya na kupumua kwa wakati mmoja, kazi ambayo kwa wenye haraka kama yeye si ndogo. Tulipotoka pale nilijiambia hospitali na sisi basi. Kisha siku moja namvua nepi, analia kwa hasira zake za kawaida, nikaona kinena cha kulia kimevimba, uvimbe laini usiozidi ncha ya kidole gumba changu. Aliponyamaza, ukapotea. Alipolia tena, ukarudi. Nikamwita baba yake aje aone, akafika mtoto ameshatulia, hakuna kitu. Ikawa ndiyo hivyo: mimi naona, yeye haoni, ananitazama kwa huruma kama mtu aliyekosa usingizi (na kweli nilikuwa nimekosa). Nikapiga picha. Kama una mtoto mwenye uvimbe wa namna hii, na wewe piga picha, kwa sababu uvimbe huu una tabia ya kujificha siku ya kwenda kwa daktari. Wetu ulijificha, na picha ndiyo iliyotusemea.

Mama mkwe alipopata habari alinipigia mwenyewe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hiyo mwache, itajifunga yenyewe. Huyo mume wako alikuwa na kitovu kimetoka hivi, na mbona kilirudi."

Kuhusu kitovu alikuwa sahihi kabisa. Ngiri ya kitovu kwa mtoto mara nyingi hujifunga yenyewe kabla hajatimiza miaka minne au mitano, na madaktari wengi huiangalia tu bila kuigusa. Ngiri ya kinena haina tabia hiyo. Haijifungi, na hakuna bandeji wala mkanda wa kuibana ukaiponya. Nilimweleza polepole kwa heshima zote. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi mwanangu, wewe ndiye uliyesoma." Mpaka leo sijui kama ilikuwa sifa au kijembe.

Daktari bingwa wa upasuaji wa watoto alitueleza kwa kuchora nyuma ya bahasha. Mtoto wa kiume akiwa tumboni, korodani zake zinaanzia juu, karibu na figo, kisha zinashuka taratibu kuelekea mahali pake. Zikishuka zinavuta na sehemu ya utando wa tumbo, ikawa mfuko mwembamba unaopita kinenani. Mfuko huo hutakiwa kuziba kuelekea wakati wa kuzaliwa au baada yake kidogo. Njiti anatoka kabla ya kazi hiyo kumalizika, basi akilia au akijikamua, kipande cha utumbo kinasukumwa na kuchungulia ndani ya mfuko. Korodani ya kulia huchelewa kushuka kuliko ya kushoto, ndiyo maana ngiri nyingi zinatokea kulia. Watoto wa kike nao wanapata, ila ni wachache sana wakilinganishwa na wa kiume.

Na kazi yake yeye? Atapasua kidogo kwenye mkunjo wa kinena, atautenganisha ule mfuko na mishipa ya damu ya korodani pamoja na mrija wa mbegu, ataufunga juu kabisa, basi. Mtoto hawekewi wavu kama wanavyowekewa watu wazima. Alisema sehemu ngumu ni hapo kwenye kutenganisha, kwa sababu kwa mtoto wa umri ule vitu vyote hivyo ni vyembamba mno na vimeshikana.

Mume wangu aliitazama ile bahasha, akapumua, akauliza, "Tufike saa ngapi?" Kwake mambo yalikuwa yameisha. Mimi nikafungua daftari.

Niliuliza kwa nini tusingoje akue. Jibu lake lilikuwa fupi: utumbo unaweza kunasa. Ukinasa, damu haipiti vizuri, na sehemu hiyo inaweza kufa, pengine pamoja na korodani. Watoto wadogo wa chini ya mwaka ndio wanaonaswa zaidi. Akatupa dalili za kuangalia wakati tunasubiri, na hizi zilimhusu kila mtu mle nyumbani: uvimbe ukiwa mgumu, usiporudi hata mtoto akiwa ametulia, akilia bila kubembelezeka, akitapika, hasa matapishi ya kijani, au ngozi ya pale ikigeuka nyekundu au bluu, msingoje asubuhi. Dalili hizo mume wangu alizishika zote kwa kusikia mara moja. Nilishangaa. Nilidhani hasikilizi.

Usiku nilikuwa nasoma, mtoto kwenye titi, simu mkono wa pili. Kilichonisumbua si kisu, ni nusu kaputi. Desemba 2016 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kwamba dawa za usingizi zikitumika mara nyingi au kwa zaidi ya saa tatu kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu, huenda zikaathiri ubongo unaokua. Mara ya kwanza nilisoma neno "ubongo" tu. Ilibidi niweke simu chini, nimcheulishe mtoto, nirudi tena, ndipo nikaona "mara nyingi" na "zaidi ya saa tatu". Usingizi wa mtoto wetu ungekuwa mmoja, na usingefika saa moja.

Nikaendelea kuchimba mpaka nikakutana na utafiti unaoitwa GAS, uliochapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 2019, na nilihisi kama umeandikwa kwa ajili yangu. Walichukuliwa watoto wachanga 722 kutoka nchi saba, wote wakisubiri upasuaji huu huu wa ngiri ya kinena. Karibu nusu wakalazwa kwa gesi ya usingizi, wengine wakapigwa ganzi ya mgongoni wakiwa macho. Walipofika miaka mitano wakapimwa akili. Makundi yote mawili yakapata wastani wa 99 hivi. Muda wa gesi kwa wengi ulikuwa chini ya saa moja.

Nilitaka kumwamsha mume wangu. Nikamwamsha.

"Hawakutofautiana," nikamwambia.

"Nani?"

Nikamweleza yote, kuanzia Desemba 2016. Alinisikiliza ameegemea kiwiko, kisha akasema, "Mama watoto, mimi nilikuwa sijui kama wangeweza kutofautiana. Sasa umenipa ugonjwa na dawa yake kwa pamoja, saa nane ya usiku." Akageukia ukutani.

Asubuhi tuligombana, kwa sauti ya chini kwa kuwa dada mtu alikuwa anakunywa uji. Yeye aliona ninatafuta ubaya mpaka niupate. Mimi niliona ananiachia mzigo wote wa kujua, halafu ananilaumu kwa uzito wake. Hatukupatana siku ile. Tulipatana baadaye, bila mkutano wowote, kwa sharti alilolitoa yeye akiwa anafunga kamba za viatu: nisome nitakavyo, ila nimwambie yale tu yanayomtaka afanye kitu. Dalili za utumbo kunasa, ndiyo. Saa za kufunga kula, ndiyo. Wastani wa akili za watoto wa nchi saba, hapana. Nimefikiri mara nyingi tangu hapo na sijapata sharti bora kuliko hilo. Linamwachia anayetaka kujua ajue, na asiyetaka linampa kazi badala ya maelezo.

Kwa hiyo kuna jambo moja sikumwambia, na ninyi ndio wa kwanza kulisikia. Mpaka miaka ya 1980, watoto wachanga wengi walipasuliwa wakiwa wamepewa dawa ya kulegeza misuli na kiasi kidogo mno cha dawa ya maumivu, wakati mwingine hakuna kabisa. Iliaminika kwamba mfumo wao wa fahamu haujakomaa kiasi cha kuumia kama sisi, na kwamba dawa ndiyo hatari zaidi. Mwaka 1987 Kanwaljeet Anand na wenzake wa Oxford walionyesha, kwenye hilo hilo jarida la Lancet, kwamba njiti waliopewa dawa kali ya maumivu wakati wa upasuaji miili yao ilitaharuki kidogo na walipata matatizo machache baada yake kuliko wasiopewa. Mimi nimezaliwa miaka hiyo hiyo. Nilikaa na simu yangu gizani nikiwaza akina mama waliokabidhi watoto wao wakijua tu kwamba "atalazwa".

Habari ile haikunitisha, ilinipa swali. Tulipokutana na daktari wa usingizi sikuuliza kama dawa ni salama, swali ambalo nadhani kila mzazi anamuuliza na jibu lake analo tayari. Niliuliza, "Maumivu yake mtayazuiaje?" Akavuta kiti akakaa. Akasema mtoto akishalala kwa gesi, atamchoma sindano ya ganzi chini kabisa ya mgongo, juu kidogo ya kifandugu, na kuanzia kiunoni kushuka chini hatahisi kitu kwa saa kadhaa hata akizinduka. Baada ya hapo parasetamo. Akaongeza kwamba miguu inaweza kulegea mpaka ganzi iishe, tusiogope. Hilo la miguu lilikuwa la kumwambia mume wangu, nikamwambia.

Dada mtu, ambaye ana miaka mitano, naye alikuwa na yake. "Watamkata kwa mkasi?" Baba yake akamjibu bila kupepesa: kwa kisu kidogo, akiwa amelala, hatasikia. Na akiamka? Kuna daktari kazi yake ni kukaa hapo asiamke. Akafikiri. "Na akijisaidia, nani atambadilisha nepi?" Hilo hatukuwa tumelifikiria, wala sikulipata kwenye utafiti wowote.

Sasa nije kwenye kufunga kula, kwa sababu kama kuna sehemu moja iliyotutoa jasho ni hiyo. Mtoto akilala kwa dawa, maziwa yaliyoko tumboni yanaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu, ndiyo maana tumbo linatakiwa liwe tupu. Sisi tulipangiwa saa mbili asubuhi. Maziwa ya mama mwisho saa kumi alfajiri, maji matupu mwisho saa kumi na mbili. Wanaotumia maziwa ya kopo huacha mapema zaidi, kwa sababu yanakawia tumboni. Hospitali nyingine siku hizi zimepunguza saa hizo, hivyo ushike uliyoambiwa wewe, si ya kwangu.

Kwenye karatasi inaonekana rahisi. Nilimwamsha saa tisa na nusu nimnyonyeshe. Mtoto ambaye kila usiku hunidai kama mkopeshaji, usiku ule alinyonya mara mbili tatu akasinzia. Nikampapasa shavu, nikamgusa nyayo, nikambadilisha nepi ili achangamke. Hakutaka. Saa kumi ikapita. Saa moja asubuhi, tumeshakaa kwenye benchi tumevaa zile bangili za majina, akaamka na njaa zake zote.

Mtoto wa miezi mitano humwambii subiri. Na mimi nilikuwa nanuka maziwa. Kila nikimshika anazungusha kichwa kutafuta titi, na kila akilia maziwa yanatoka yenyewe, blauzi ikalowa mpaka kiunoni. Nilijaribu kumbembeleza kwa muda mrefu kuliko ilivyofaa, kwa sababu nilihisi kumwachia mtu mwingine ni kumkimbia. Muuguzi mmoja mtu mzima akanitazama akasema, "Mama, mpe baba yake, wewe nenda kule ukakamue. Ukikaa hapa unamtesa." Ndiyo kauli bora niliyopewa siku ile na mtu yeyote mwenye vazi la hospitali.

Baba yake akamchukua, akamgeuza atazame mbele, mgongo kifuani kwake, akaanza kutembea. Alimtembeza korido nzima akimsomea kila kilichobandikwa ukutani. Niliporudi nimeshakamua niliwakuta wamesimama mbele ya mtungi wa kuzimia moto, anamsomea maelekezo kwa sauti ya mtangazaji wa mpira: vuta pini, elekeza mpira chini ya moto. Mtoto alikuwa kimya, anasikiliza. Huyo ndiye baba ambaye nilimlalamikia kwa wiki nzima kwamba hasomi kitu.

Halafu tukacheleweshwa. Aliingizwa mtoto mwingine wa dharura, na dharura haina foleni. Nilichofanya ni kuuliza, na wewe uulize: saa zikisogea, je, anaweza kupewa maji kidogo? Waliuliziana, wakarudi wakasema ndiyo, kiasi fulani, kisha basi. Tulimpa kwa kijiko. Hayakumshibisha, lakini kumeza kulimpa kazi ya kufanya.

Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio cha kuachana. Nilikuwa nimeomba hata nimsindikize ndani mpaka apate usingizi. Daktari wa usingizi akanieleza kwa upole kwamba watoto wa umri ule kwa kawaida hawajaanza kuogopa wageni, hilo linakuja baadaye, kwenye miezi minane hivi, na kwamba mzazi kuingia ndani mara nyingine humfaa mzazi kuliko mtoto. Nilitaka kubisha. Muuguzi wa thieta akaja amevaa kofia ya maua makubwa mekundu, akanyoosha mikono, na mwanangu, aliyekuwa akilia kwa njaa dakika chache kabla, akaitazama ile kofia, akacheka, akaenda. Mlango ukafungwa nyuma yao. Hakugeuka hata mara moja! Kwa hilo sikuwa nimejiandaa.

Tukakaa kungoja. Mume wangu akaegemea ukuta, akalala. Alilala kweli, mdomo wazi, na akakoroma. Mimi nikakamua tena, nikatembea, nikatazama saa, nikausoma tena ule utafiti wa GAS kana kwamba matokeo yangebadilika, na muda wote huo nilimchukia kwa utulivu na kwa kina. Mama aliyekaa karibu yetu alimtazama, akanitazama mimi, akatabasamu kama mtu aliyeolewa na huyo huyo.

Wiki kadhaa baadaye wifi yangu aliniambia kitu. Kumbe tangu tulipopewa tarehe, kila usiku mimi nikiwa chumbani na simu yangu, kaka yake alikuwa nje na simu yake. Alimpigia yeye, mwenye watoto wanne na asiyejua lolote kuhusu ngiri, akimuuliza maswali yale yale: eti wanaweza kukosea kipimo cha usingizi, eti mtoto mdogo vile anaamkaje. Wifi alikuwa anamjibu "ataamka tu kaka" mpaka anachoka. Kwa hiyo naye alikuwa anatafuta kujua, ila alitaka jibu litoke kwenye mdomo wa mtu, na liwe fupi. Tena usiku ule wa kuamkia upasuaji hakulala kabisa. Sikumwambia kwamba nimeambiwa.

Kilio chake nilikisikia kabla sijamwona. Walikuwa wameniita chumba cha kuzindukia, na nilipofika alikuwa anajipinda, uso mwekundu, macho wazi lakini hayanitambui. Nilimwita kwa majina yake yote ya nyumbani. Alilia kana kwamba mimi ni mtu wa njiani. Muuguzi akasema ni ile gesi, baadhi ya watoto wakizinduka wanakuwa hivyo, baada ya muda mfupi inaisha, siyo maumivu. Ganzi bado ilikuwa inafanya kazi, na kweli miguu ilikuwa imelegea, inaning'inia. Nikamweka titini. Alilikataa, akalia, akalikataa tena, kisha akalikamata, na pale ndipo na mimi nikaanza kulia, kwa wakati usiofaa kabisa, kwa sababu daktari wa upasuaji ndiyo kwanza alikuwa ameingia kutueleza kwamba kila kitu kimekwenda vizuri. Mume wangu ndiye aliyesikiliza maelekezo. Aliyashika yote.

Watoto wengi wa ngiri hurudi nyumbani siku ile ile. Sisi tulilala hapo. Hesabu yao kwa njiti haianzi siku ya kuzaliwa, inaanzia kwenye ujauzito: wiki 33 za tumboni, jumlisha wiki takriban 21 za duniani, unapata 54. Njiti ambaye hesabu yake haijafika wiki 60 hivi anaweza kusita kupumua katika saa za baada ya nusu kaputi, kwa hiyo wanamfunga kwenye mashine ya kuangalia pumzi na moyo mpaka asubuhi. Mume wangu akasema nilale, yeye atakesha. Nilikuwa nimechoka mno kubisha.

Basi yule asiyependa takwimu alikaa usiku kucha akitazama namba za oksijeni. Kila nikigeuka, kabla sijauliza, ananinong'oneza gizani: "Tisini na saba." Baadaye: "Tisini na sita, lakini imerudi." Kengele ilipolia nilimkuta ameshasimama katikati ya wodi anamwita muuguzi kwa sauti ambayo iliamsha watoto wa watu. Kilikuwa ni kile kibanio cha kidoleni kimechomoka mtoto aliporusha teke. Kurusha teke maana yake ganzi imeisha na miguu ipo. Muuguzi alikirudisha, akamwambia, "Baba, kaa chini sasa."

Ya nyumbani hayana mengi. Kidonda kilifungwa kwa nyuzi za ndani zinazoyeyuka zenyewe, na juu yake gundi ya ngozi, hivyo hakuna cha kutoa. Nepi tuliikunja ukingo wa mbele isikisugue kidonda. Parasetamo tulimpa kwa kipimo cha uzito wake tulichoandikiwa, kwa saa, bila kungoja alie, na nadhani hiyo ndiyo iliyotuokoa siku za mwanzo. Mfuko wa korodani ulivimba na kuwa wa bluu, nikashtuka ingawa nilikuwa nimesoma kwamba utavimba. Kusoma na kuona ni vitu viwili. Ulipungua taratibu wenyewe. Mtoto mwenyewe alikuwa anacheka kabla sisi hatujarudiwa na hamu ya kula, na dada mtu alikagua kidonda akatangaza kwamba ni kidogo mno, alitegemea kikubwa.

Kwenye kliniki ya kwanza daktari aliridhika. Alitukumbusha upande wa kushoto: baadhi ya watoto, hasa njiti, wanakuja kupata ngiri ya pili upande ule mwingine, kwa hiyo tuendelee kuangalia, na dalili za hatari ni zile zile. Hilo ni jambo linalomtaka mtu afanye kitu, basi nikamwachia mume wangu kama tulivyokubaliana, na siku hizi yeye ndiye anayemwogesha. Juzi aliniita kwa kelele, nikakimbia nikijua limeshatokea. Alikuwa ameinama juu ya beseni anatazama kinena cha kushoto. Ilikuwa mkunjo wa mafuta, mtoto amenenepa. Hakuniamini sana. Kliniki ijayo ni mwezi ujao, na ameshasema atampeleka mwenyewe. Ameniomba nimwandikie maswali ya kumuuliza daktari, yasizidi matatu.